Deki, Vumbi na Umeme: Zama za Diski Jinja na Mbale

Mwanzoni mwa mwaka 2008 makampuni makubwa ya Japani yalikuwa vitani. Ugomvi ulikuwa juu ya diski ipi ingebeba picha ang'avu katika nyumba za dunia nzima. Toshiba walikuwa na HD DVD. Sony na wenzao walikuwa na Blu-ray. Januari 4 kampuni ya filamu ya Warner ilitangaza kwamba inahamia Blu-ray peke yake, na Februari 19 Toshiba wakasalimu amri. Huko ng'ambo ikaandikwa kwamba mshindi amepatikana. Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, mshindi alikwisha kupatikana miaka kadhaa nyuma, wala hakuwa mmoja wa hao wawili. Alikuwa deki nyembamba ya DVD kutoka China, yenye matundu ya maikrofoni usoni, iliyovumilia diski iliyochubuka na umeme uliolegea.

Nataka kueleza ilivyotokea hivyo. Historia ya mashine hii husimuliwa kila mara kutoka Tokyo au Los Angeles, kana kwamba kila nyumba ina umeme usiotetereka na kila mnunuzi huuliza kwanza habari za uang'avu wa picha. Katika miji hii miwili swali la kwanza lilikuwa kama mashine itadumu, na ikiharibika, nani ataitengeneza.

1948–1979: Umeme wa viwanda

Bodi ya Umeme ya Uganda, UEB, iliundwa mwaka 1948. Mhandisi Charles Westlake, aliyeiongoza, hakuwa akifikiria taa za sebuleni. Aliona kwamba maji ya Nile yanayotoka Ziwa Victoria yangeweza kuifanya Jinja mji wa viwanda. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth II Aprili 29, 1954. Maporomoko ya Ripon, aliyoyafikia John Hanning Speke mwaka 1862, yakazama chini ya maji. Mitambo kumi ilipangwa kutoa megawati 150. Viwanda vikafuata: Nytil ikafuma nguo, shaba ya Kilembe ikaja kuyeyushwa Jinja, na sukari ya akina Madhvani ikapanuka pale Kakira.

Mbale haikuwa na bwawa, ila ilikuwa na kahawa. Chama cha Ushirika cha Bugisu, kilichoanzishwa 1954, kiliuza arabika ya miteremko ya Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, na fedha za kahawa zikaingia mjini. Miji yote miwili ilikuwa na mitaa ya maduka ya Wahindi, na humo mtu aliweza kununua gramafoni au redio na kupata fundi wa kuitengeneza. Televisheni ya taifa ilipoanza mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru, wateja wake wa kwanza walikuwa wanunuzi hao wa mjini. Vijiji vingi vilivyokuwa karibu kabisa na bwawa viliendelea kuwasha kibatari. Nyaya za umeme zilipita juu yao kwenda viwandani, Kampala, na hata kuvuka mpaka kwenda Kenya kupitia Tororo.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia, wakiwemo Wahindi hao wa madukani, siku 90 waondoke. Jinja iliumia kuliko miji mingi, kwa sababu biashara yake kubwa ilikuwa mikononi mwa watu hao. Walipoondoka, waliondoka pia waagizaji wa mizigo, wakopeshaji wa maduka, wenye sinema, na mafundi waliojua vipuri vinaagizwa wapi. JVC walipoanza kuuza deki ya VHS huko Japani mwaka 1976, Uganda haikuwa na fedha za kigeni hata za sabuni. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yaliiteka Jinja na kulikuta bwawa zima. Taa hazikuzimika, lakini waya wenyewe ulikuwa umezeeka, na kwa miaka mingi haukupata matunzo.

Vibanda vya video

Kwa hiyo deki ilipofika mashariki mwa Uganda haikuingia sebuleni kwanza. Iliingia kibandani. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, vita kubwa za ndani zilipokwisha na mizigo kuanza tena kupita mipakani Malaba na Busia, deki moja ya VHS na televisheni moja ya chogo vilitosha kuanzisha biashara. Kibanda kilikuwa chumba cha mbao au matope, mabenchi, pazia jeusi dirishani, na jenereta nje. Watu walilipa kiingilio kidogo kuona Rambo, Bruce Lee na filamu za Kihindi.

Kwa kuwa wengi hawakuelewa Kiingereza cha filamu, akatokea mtafsiri: anakaa kando ya spika na maikrofoni, anaeleza, anatia chumvi, anawapa wahusika majina ya Kiganda. Huyo ndiye VJ, na kazi hiyo, iliyokomazwa Kampala na watu kama VJ Jingo, ikaenea nchi nzima. Kaseti zilizotiwa sauti Kampala zilisafiri na mabasi hadi Jinja, Iganga, Mbale na kwingineko. Watu wa Busoga, eneo la Jinja, walizielewa vizuri kwa sababu Kisoga na Kiganda ni ndugu. Mbale, ambako Kimasaaba, Kiteso, Kiganda na Kiswahili hukutana sokoni, mtafsiri wa kibandani alilazimika kuchanganya.

Ninakitaja kibanda kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo watu wa mashariki walipojifunza kuipima mashine. Deki ya kibandani hufanya kazi tangu asubuhi mpaka usiku, katika joto, vumbi na moshi wa sigara. Kaseti hulegea kwa kuchezwa mara nyingi, ukungu huota juu ya utepe msimu wa mvua, na kichwa cha deki huziba kwa uchafu mpaka picha ikawa mistari. Mwenye kibanda alijua ni deki gani ilimeza kaseti na ipi haikumeza. Mtu aliyetaka kununua yake ya nyumbani alikwenda kumuuliza huyo kabla ya kumuuliza mwenye duka.

1993–2002: Diski mbili kwa filamu moja

Diski ya sauti, CD, ilibuniwa na Philips na Sony, ikaingia sokoni mwaka 1982. Mwaka 1993 makampuni hayo, pamoja na JVC na Matsushita, yalikubaliana namna ya kutia filamu katika diski ya ukubwa uleule, wa sentimita 12, yakaiita VCD. Mwaka huohuo kampuni changa ya Wanyan, katika jimbo la Anhui nchini China, ikatoa deki ya kuichezea. Wakubwa wa Magharibi waliipuuza. Picha yake haikushinda sana VHS, na diski moja ilibeba dakika 74 tu, kiasi kwamba filamu ya saa moja na nusu ilihitaji diski mbili. Lakini viwanda vya China viliona jambo ambalo wengine hawakuliona: diski haihitaji kurudishwa nyuma, haioti ukungu kama utepe, hugongwa kama muhuri kwa gharama ndogo sana, na haichoki kwa kuchezwa, kwa kuwa kinachoigusa ni mwanga.

VCD zilianza kuonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1990, zikipitia Dubai na Mombasa. Wachuuzi walizitandika juu ya turubai kandokando ya barabara na katika vituo vya teksi. Kwa miaka michache deki ya VHS na ya VCD zilikaa rafu moja. Zama hizo zilikuwa fupi, nami sioni sababu ya kuzikalia. Zilitayarisha njia tu. Zilimzoesha mteja kitu kimoja ambacho kingekuwa na uzito baadaye, nacho ni kwamba diski ni bidhaa ya bei ya chini, ya kuazimana na jirani, ya kufutwa kwa pindo la shati.

2003–2008: DVD na miaka ya giza

DVD ilianza kuuzwa Japani Novemba 1996. Leza yake nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650, ilisoma vishimo vidogo kuliko vile vya CD, na tabaka moja likabeba gigabaiti 4.7: filamu nzima, picha safi ya mistari 576 kwa mfumo wa PAL unaotumika Uganda. Kwa miaka ya kwanza deki yake ilikuwa kitu cha matajiri. Kisha viwanda vya China vilivyokuwa vimejifunza kwa VCD vikahamia huko, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 sehemu kubwa ya deki za DVD duniani zilitoka China. Bei ikaanguka. Mwalimu wa shule ya msingi, askari, mwenye duka la vyakula pale Walukuba mjini Jinja au Namakwekwe mjini Mbale, sasa aliweza kuifikiria.

Dunia ya filamu ilikuwa imeigawa sayari katika kanda. Uganda iliwekwa kanda ya 5 pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, Uingereza na nchi za Ghuba kanda ya 2, na Marekani kanda ya 1. Mtu aliyeletewa diski na dada yake kutoka London aliweza kukataliwa na deki halali ya kampuni kubwa. Deki ya Kichina haikujali. Ilisoma kanda zote. Ilisoma pia VCD za zamani, diski zilizochomwa kwa kompyuta, nyimbo za MP3, na baadaye zile diski za mkusanyiko zilizobanwa filamu kumi au ishirini pamoja, picha ya Jackie Chan au Van Damme juu ya jalada. Usoni ilikuwa na matundu ya maikrofoni, yaliyowekwa kwa ajili ya karaoke ya Asia, na yakamfaa mtafsiri wa kibandani vilevile. Nyuma ilikuwa na nyaya za rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe, ambazo televisheni yoyote ya chogo ilizipokea.

Wakati huohuo umeme uliingia katika miaka yake mibaya. UEB ilikuwa imevunjwa mwaka 2001 na kugawanywa makampuni matatu: moja la kuzalisha, moja la kusafirisha, moja la kusambaza. Machi 2005 usambazaji ulikabidhiwa Umeme, kampuni binafsi, kwa mkataba wa miaka ishirini. Lakini tatizo kubwa lilikuwa ziwani. Mwaka 2000 bwawa la Kiira lilikuwa limeanza kazi kando ya Nalubaale, likinywa maji yaleyale. Ukame ukaja, na maji yaliyofunguliwa kupita kwenye mitambo yakazidi kiwango ambacho ziwa lingetoa kwa asili yake. Kufikia 2006 Ziwa Victoria lilikuwa limeshuka hadi kina ambacho hakikuwahi kuonekana kwa takriban miaka themanini. Serikali ilikodi jenereta za dizeli, za kwanza zikiwekwa Lugogo mjini Kampala. Nchi nzima ikaingia mgao, na Jinja, mji unaokaa juu ya bwawa lenyewe, haukusamehewa.

Hapa ndipo uimara ulipopata maana kamili. Umeme ukikatika saa mbili usiku, deki huzimika filamu ikiwa katikati. Hilo halina madhara. Madhara huja umeme unaporudi. Volti 240 zinazotakiwa zinaweza kurudi kwa mshtuko wa kupita kiasi, kisha zishuke kila friji na pasi ya mtaa ikivuta kwa pamoja, kisha zipande. Usiku wa kawaida, kwa nyumba iliyo mwisho wa waya, volti hushuka mpaka balbu zikawa nyekundu. Deki ya kisasa ya DVD ilikuwa na bodi ya umeme ya kuwasha na kuzima kwa kasi, yenye kukubali kuanzia volti 100 hivi hadi 240, kwa hiyo umeme uliolegea haukuisumbua. Televisheni iliyo juu yake ingeweza kusinyaa picha huku deki inaendelea kuzungusha diski bila shida. Mshtuko wa juu ndio uliokuwa adui. Uliunguza fyuzi, ukavimbisha kapasita, na siku mbaya ukafika mpaka kwenye chipu kuu. Watu wakajifunza kung'oa plagi mara taa zinapozimika, na wenye uwezo wakanunua stabilaiza, lile sanduku zito linalogugumia pembeni mwa kabati.

Meza ya fundi

Kilichoipa deki ya Kichina umri mrefu hakikuwa ubora wa kiwanda chake. Sanduku lake lilikuwa bati jembamba, trei yake plastiki laini, mkanda wake mpira wa kawaida. Kilichoipa umri ni kwamba ilifunguka. Skrubu nne au tano, kifuniko kinatoka, na vitu vyote viko wazi: bodi ya umeme upande mmoja, bodi ya kusomea upande mwingine, mashine ya leza katikati.

Fundi wa redio katika mtaa wa maduka aliujua mpangilio huo kwa moyo. Diski ikigoma, kwanza alisafisha lenzi kwa pamba na spiriti, kwa sababu vumbi jekundu la barabara za murramu huingia kila mahali na kutanda juu ya kioo hicho kidogo. Trei ikishindwa kutoka, alibadili mkanda wa mpira. Ikigoma kuwaka, aliangalia kapasita zilizovimba vichwa. Leza ikichoka, wengine waligeuza kile kirekebishi kidogo kilicho ubavuni mwake ili kuisukumia mkondo mkubwa zaidi. Deki hufufuka kwa muda, lakini leza huungua mapema, na fundi mwaminifu humweleza mteja hivyo kabla ya kukigusa. Dawa ya kweli ilikuwa kubadili kichwa chote cha leza. Viwanda vingi vya China, kwa majina mengi tofauti ya kibiashara, vilitumia vichwa vya aina chache zilezile, vya Sanyo au vya Sony. Deki iliyokufa umeme iliweza kumpa macho deki iliyokufa macho, hata kama majina yao usoni hayafanani. Mafundi walijaza makatoni ya mashine zilizokufa chini ya meza zao, nayo makatoni hayo ndiyo yaliyokuwa ghala la vipuri la mashariki mwa Uganda.

Hilo nadhani ndilo jibu la msingi. Uimara unaotajwa na kiwanda hupimwa kwa saa za kufanya kazi kabla ya kuharibika. Uimara wa Jinja na Mbale ulipimwa kwa mara ambazo kitu kinaweza kuharibika na kurudi nyumbani kikifanya kazi, kwa gharama isiyozidi kununua kipya.

Juni 2006: Leza ya buluu

Turudi sasa kwa vile vita vya Wajapani. Mwaka 1993 Shuji Nakamura, mtafiti wa kampuni ya Nichia, alionyesha taa ndogo ya buluu yenye mwanga mkali, kazi iliyomfikisha yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kutoka hapo ikapatikana leza ya nanomita 405. Mwanga wa wimbi fupi zaidi husoma kishimo kidogo zaidi. Mistari ya vishimo ya CD imeachana kwa maikromita 1.6, ya DVD 0.74, ya Blu-ray 0.32. Diski ya ukubwa uleule ikabeba gigabaiti 25 kwa tabaka moja, 50 kwa mawili, na picha ya nukta 1920 kwa 1080.

Deki ya kwanza ya Blu-ray kuuzwa Marekani, ya Samsung, ilitoka Juni 2006 kwa karibu dola 1,000. Mwezi huohuo mitaa mingi ya Jinja na Mbale ilikuwa ikikaa siku nzima au zaidi bila umeme. Hata mtu mwenye fedha hizo angekutana na mambo ambayo maonyesho ya biashara hayakuyagusa. Televisheni ya chogo haina tundu la HDMI wala nukta za kuonyesha tofauti. Blu-ray iliyounganishwa kwa waya wa njano hutoa picha ileile ya DVD. Mashine za kwanza zilichukua dakika nzima au zaidi kuamka na kuisoma diski, jambo gumu pale umeme unapokatika mara tatu katika filamu moja. Tena kufuli zake za kuzuia wizi wa filamu zilibadilishwa mara kwa mara, na deki ilibidi isasishwe programu yake, kwa kawaida kupitia intaneti, ili ikubali diski mpya. Kebo ya kwanza ya intaneti ya baharini kuanza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, SEACOM, ilianza Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ya nyumbani pale Mbale ilikuwa anasa kubwa kuliko deki yenyewe.

Ni haki kusema kwamba diski yenyewe haikuwa dhaifu kama wengi walivyohofia. Data ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu chini ya uso, ilhali ya DVD iko milimita 0.6 ndani, na ya CD karibu na upande wa pili kabisa. Kwa hiyo uchafu mdogo juu ya uso ungemziba msomaji vibaya sana. Wahandisi wa TDK walitengeneza utando mgumu wa kuikinga, na Blu-ray halisi hustahimili kuchubuliwa vizuri kuliko DVD. Udhaifu ulikuwa katika mashine. Kichwa chake kinabeba leza za aina tatu ili kisome diski za vizazi vyote, hakikuwa katika katoni la fundi yeyote, na chipu zake zimegandishwa kwenye bodi kwa vijipira vya lehemu chini ya tumbo, mahali ambapo kifaa cha kuchomelea cha meza ya mtaani hakifiki. Ikiharibika, imekwisha.

Mahali ambapo leza ya buluu iliingia kweli ni katika vyumba vya michezo. PlayStation 3 ya Sony, iliyotoka Novemba 2006, ilikuwa deki kamili ya Blu-ray ndani ya mashine ya michezo. Zilipoanza kufika zikiwa mitumba, vijana wa mjini walilipia kucheza mpira wa FIFA juu yake. Teknolojia ya gharama kubwa kuliko zote za diski ilitumika hapo kila jioni, bila mtu kuitazamia filamu.

2009–2015: Tundu dogo la pembeni

Kilichoiua DVD hakikuwa Blu-ray. Kilikuwa tundu lililochongwa ubavuni mwa DVD yenyewe. Viwanda vya China vilianza kutia mlango wa USB kwenye deki zao, na ghafla flashi ikawa diski. Flashi haina lenzi wala injini, haiogopi vumbi, na ukiipeleka kwa kijana mwenye kompyuta anakujazia filamu za wiki nzima, zilizotafsiriwa na VJ umpendaye, kwa bei ya chini kuliko diski chache. Wauza diski wengi wakageuka kuwa wajazaji. Deki iliendelea kukaa kabatini, trei yake imekufa, kazi yake kusoma flashi tu.

Miteremko ya Masaba isiyofikiwa na waya ilifuata njia yake. Huko zilipendwa deki ndogo za kubeba, zenye skrini ya kukunja, betri ndani na waya wa volti 12. Betri ya gari au paneli ya jua ilitosha. Kwangu mimi mashine hiyo ndiyo iliyoielewa nchi kuliko zote: umeme unapokatika haijui hata kama umekatika.

Bwawa la Bujagali, chini kidogo ya Jinja, lilizinduliwa Oktoba 2012 likiwa na megawati 250, na mgao mkubwa ukapungua. Televisheni bapa zikashuka bei. Mwaka 2015 Uganda ilianza kuzima matangazo ya analojia, ving'amuzi vikaingia majumbani, na Bukedde TV na nyinginezo zikaleta filamu za kutafsiriwa bila diski. Kwa mara ya kwanza nyumba nyingi za mjini zilikuwa na umeme wa kuaminika kiasi na skrini ya kustahili picha ang'avu. Blu-ray ingeweza kuingia wakati huo. Lakini mteja alikwisha kuzoea kupata filamu bila kitu cha kushika mkononi, na duka la kumuuzia diski hizo halikuwepo.

Sherehe zilizobaki ndani ya diski

Jambo moja liliipa diski maisha marefu kuliko filamu za Marekani, nalo ni sherehe zetu wenyewe. Tangu DVD ya kuchomwa iwe rahisi, mpiga video wa harusi alikabidhi kazi yake kwa diski, jina la bwana na bibi arusi limeandikwa kwa kalamu ya wino. Mbale palikuwa na kazi kubwa zaidi kila mwaka wa shufwa, msimu wa imbalu, tohara ya Wagisu, inapofunguliwa katika uwanja wa Mutoto na vijana wakacheza ngoma ya kadodi kwa wiki kadhaa. Familia ziliajiri wapiga picha wawafuate watoto wao kijiji kwa kijiji, mpaka siku ya kisu. Wajomba walioko Nairobi au London waliletewa nakala.

Sasa zama hizo zinafungwa upande wa viwanda. Oppo, waliosifiwa kwa deki bora za picha ang'avu, waliacha kuzitengeneza mwaka 2018. Samsung waliacha kutoa deki mpya za Blu-ray Marekani mwaka 2019, na LG wakafuata mwishoni mwa 2024. Miji yenyewe nayo imebadilika: Jinja na Mbale zimekuwa majiji tangu Julai 1, 2020. Novemba 18, 2023, Kyabazinga (mfalme) wa Busoga, William Nadiope IV, alipofunga ndoa na Jovia Mutesi katika kanisa kuu la Bugembe, watu walitazama moja kwa moja kwenye televisheni na simu. Machi 31, 2025 mkataba wa Umeme ulikwisha na nyaya zikarudi kwa kampuni ya serikali, UEDCL.

Diski za sherehe bado ziko makabatini, nazo si sawa na zile za filamu. Diski ya filamu imegongwa kiwandani, vishimo vyake ni vya kudumu. Diski ya kuchomwa huandikwa kwenye tabaka la rangi ya kikemikali, na rangi hiyo hufifia kwa joto, unyevu na mwanga, hasa ikiwa diski yenyewe ilikuwa ya bei ya chini, kama zilivyokuwa nyingi. Kompyuta nyingi za siku hizi zinatoka kiwandani bila tundu la diski. Mafundi wachache wa miji hii bado wanazo deki za DVD zenye leza nzima, na wanajua kuirekebisha mashine isome diski ambayo nyingine zimeikataa, wakahamishia picha kwenye flashi. Imbalu za 2006, 2008 na 2010 ziko katika tabaka hilo la rangi, na waliomo ndani yake sasa ni baba wa watoto. Kazi ya kuzihamisha inafaa ifanywe mwaka huu, wakati vichwa vya leza bado vipo chini ya meza za mafundi.